"Nina mgonjwa": kumsaidia anayeuguza ndugu mwenye kansa ya damu

Kwetu mtu anayeuguza hasemi anauguza, anasema "nina mgonjwa". Akiomba ruhusa kazini ni nina mgonjwa, akikosa kikao cha kikoba ni nina mgonjwa, na wote tunaelewa hapo hapo, tunajibu pole, anaendeleaje? Swali linaenda kwa aliyelala kitandani. Mwenye mgonjwa anajibu anaendelea vizuri kidogo tunamshukuru Mungu, simu inakatwa, anarudi kwenye beseni la mashuka.

Leo nataka tumuongelee huyo wa kwenye beseni, hasa akiwa anauguza mtu wa kansa ya damu. Ndugu wengi wana moyo kabisa wa kusaidia, shida ni kwamba msaada wao hauendani na ugonjwa wenyewe. Kansa ya damu ina kalenda yake. Ukiijua utajua lini uje, lini ubaki kwako, na ukija uje na nini, usipoijua unaweza kuja na mapenzi yako yote na mfuko wa machungwa na bado ukamuongezea mzigo mtu ambaye hajalala siku tatu.

Mimi nimejifunza hili kupitia wifi yangu. Kaka yangu alipatikana na lukemia kali akiwa na miaka 34 na mkewe ndo alimuuguza, na sisi wa upande wa mume, tena tunaompenda kaka yetu kweli kweli, tulimpa wifi wakati mgumu ambao hakustahili. Nitafika huko.

Kwanza tuelewe ugonjwa. Watu wakisikia kansa wanatafuta uvimbe, wanauliza kwani hawawezi kukata wakautoa? Kwenye damu hakuna cha kukata. Damu inatengenezwa kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mfupa ambao kwenye supu tunaugongea sahani utoke. Huo uboho uchukulie kama shamba. Linaota vitu vitatu: chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, chembe nyekundu zinazobeba hewa, na chembe sahani (wengi siku hizi wanasema tu pleteleti) zinazoziba ukijikata. Lukemia ni magugu yameingia shambani, yanaota kwa fujo na kuyabana mazao, ndo maana mgonjwa anapungukiwa damu, anatoka damu puani bila sababu, anaumwa kila homa inayopita mtaani. Limfoma inakaa zaidi kwenye mitoki na tezi, mailoma inakaa kwenye uboho lakini inatafuna mifupa na kuumiza figo. Zote ni kansa za damu, hakuna inayoambukiza kwa kula sahani moja au kulala chumba kimoja, na hili liseme kwa sauti pale nyumbani, kuna wake na waume wametengwa na jirani kwa ujinga huu.

Sasa dawa. Kemo ni kama kupiga dawa ya magugu shamba zima, magugu yanakufa na mazao yanaungua pia kwa muda. Mgonjwa anaweza kutoka kwenye dripu yuko sawa tu anaongea anacheka, watu wanafurahi wanasema mzee kapona, alafu kwa kemo nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi ndo chembe zinashuka chini kabisa. Yaani siku anazoonekana hana neno na siku za hatari zimepandana, anayejua hilo ni daktari na yule anayemuuguza. Sisi wengine tunakuja na watoto kumpa hongera.

Wifi alikuwa na kaunta buku. Nililiona mara ya kwanza usiku niliomshikia zamu, miezi minne baada ya kaka kuanza matibabu (miezi minne! na nyumba zetu zimeachana vituo viwili vya daladala). Kila ukurasa tarehe, siku ya ngapi tangu kemo, majibu ya FBP (kipimo cha damu kinachoonyesha HB yaani wingi wa damu, WBC yaani chembe nyeupe, na PLT yaani pleteleti), joto asubuhi mchana usiku, amekula nini, amekojoa mara ngapi. Ukurasa mmoja uliandikwa hivi: "Siku ya 9. HB 6.8, WBC 0.7, PLT 11. Joto 37.4, 37.6, 37.9. Shangazi amekuja na mtoto ana mafua. Nimewakatalia mlangoni. Shangazi ameondoka analia."

Nilikaa na lile daftari muda mrefu. Kwa sababu upande wetu ile siku tuliisikia kivingine kabisa. Shangazi alipiga simu kwa kila mtu, kwamba yule mwanamke kamfungia ndugu yetu ndani, hataki tumuone, sijui anataka nini, kuna aliyefika hadi kwenye maneno ya nyumba na kiwanja. Kikao kiliitishwa kwa ajili yake. Na yeye alikuwa anafanya kitu ambacho daktari alimwagiza akifanye kama anataka mume wake avuke wiki ile, maana chembe nyeupe zikishuka hadi 0.7 mafua ya mtoto sio mafua tena.

Kwa hiyo msaada wa kwanza mimi naouweka juu ya pesa na juu ya chakula ni huu: mtoe anayeuguza kwenye kazi ya kuwakatalia watu. Hasa kama ni mke au mkwe. Hiyo kazi ichukuliwe na mtu mzima wa upande wa mgonjwa, mtu ambaye hakuna wa kumjibu. Kwetu baba mkubwa ndo alimaliza, aliandika kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwamba kuanzia tarehe fulani mpaka tarehe fulani hakuna kwenda kumuona, mimi ndio niliyekataa, mwenye swali anipigie mimi. Mistari miwili tu na wifi akapata usingizi. Na siku za kuja zikifika, waje wawili wawili, wamenawa mikono, mwenye kikohozi asubiri, watoto wadogo wabaki nyumbani, na ukifika usikae masaa matatu ukisubiri kupikiwa chai na mtu ambaye hana hata muda wa kuoga.

Homa sasa, na hapa naomba usome polepole. Mgonjwa aliye kwenye kemo akifika joto la 38 ni dharura, hata kama ni saa 8 usiku, hata kama anasema najisikia vizuri niacheni nilale. Mwilini hakuna askari wa kutosha, na maambukizi yanaweza kumuondoa mtu ndani ya masaa, anatakiwa antibayotiki za mshipa haraka, miongozo mingi inasema ndani ya saa moja tangu afike hospitali. Usimpe panadol ukasubiri kuche, panadol itashusha namba kwenye kipimajoto na vijidudu vitaendelea na kazi yao. Na dawa kama aspirini, diklofenaki, ibuprofeni usiziguse bila daktari kwa mtu ambaye pleteleti ziko chini, atatoka damu.

Usiku wangu wa zamu ilisoma 38.2. Nikampigia mjomba akasema mpe panadol mbili asubuhi tutaangalia. Wifi alikuwa ameshavaa viatu. Alikuwa na begi nyuma ya mlango limepangwa, khanga, sabuni, maji, fotokopi za majibu, na namba ya dereva wa bajaji ambaye walishakubaliana kabisa kwamba simu yake ikiita usiku hakuna kujadili bei. Hospitali tuliambiwa tukae foleni, akatoa karatasi ya daktari iliyoandikwa huyu yuko kwenye kemo, homa ni dharura, tukapitishwa. Nikamuangalia nikasema huyu mtu amefanya peke yake mambo ambayo ukoo wa watu arobaini ulitakiwa uyagawane. Karatasi hiyo mwombe daktari wenu awaandikie, dereva mtafute wewe mjomba, hela ya usiku iweke wewe kwenye simu ya anayeuguza iwe imelala hapo haiguswi kwa kitu kingine. Na kipimajoto, kile cha kidijitali cha duka la dawa, nunua viwili kwa sababu kimoja kitaisha betri siku ambayo hutaki.

Damu nayo watu hawaielewi. Mgonjwa wa lukemia anaweza kuongezewa damu mara nyingi mno, na hospitali zetu nyingi zinamwambia anayeuguza alete wachangiaji kurudishia ile iliyotumika. Kinachotokea ni tangazo linarushwa, watu ishirini wanajitokeza siku moja, picha zinapigwa, safi sana. Baada ya wiki mbili inatakiwa tena na hakuna mtu, kwa sababu mwanaume akishatoa anasubiri miezi mitatu na mwanamke miezi minne. Wifi akawa anasimama getini chuo kimoja anaomba wanafunzi asiowajua. Ongeza kwamba pleteleti hazihifadhiki kama damu nyekundu, chembe nyekundu kwenye friji zinakaa wiki tano mpaka sita, pleteleti kwa kawaida ni siku tano tu, na pale ambapo zinachujwa kutoka kwenye chupa za damu ya kawaida dozi moja ya mtu mzima inataka wachangiaji wanne mpaka sita. Kwa hiyo ile ya Jumapili haimsaidii wa Jumapili inayofuata.

Suluhisho ni orodha yenye foleni. Mtu mmoja kwenye familia, asiwe anayeuguza, akusanye majina na namba, awapange watatu wiki hii, watatu ile, wengine waambiwe wewe zamu yako mwezi wa tisa usitoe popote kabla. Awaeleze masharti mapema ili mtu asipande daladala mbili akaambiwa hafai: miaka 18 mpaka 65, kilo kuanzia 50, awe amekula, asiwe na homa wala mjamzito wala ananyonyesha. Grupu la damu lisiwatishe, kwenye kurudishia benki ya damu, grupu lolote linafaa. Kama kuna mpango wa kupandikiza uboho kutoka kwa ndugu wa tumbo moja, muulizeni daktari kwanza kabla damu ya ndugu hao haijaingia moja kwa moja kwa mgonjwa.

Tunakuja kwenye chakula, ambako lawama ni nyingi kuliko maarifa. HB ikishuka kila mtu anamgeukia anayeuguza, humlishi, mpe rosela, mpe bitiruti, mpe mchicha, mpe maini. Rudi kwenye shamba letu. HB imeshuka kwa sababu shamba limebanwa na limepigwa dawa, madini ya chuma yanaweza kuwa tele mwilini na damu isitengenezwe, hata unywe ndoo ya rosela. Na juisi mbichi iliyosagwa kwenye blenda isiyooshwa vizuri, au kachumbari, au mayai ya macho, kwa mtu mwenye chembe nyeupe 0.7 ni hatari ya kweli. Chakula kipikwe kiive, kiliwe kikiwa cha moto, tunda liwe la kumenywa, maji yachemshwe. Dawa ya mizizi uliyotumiwa kutoka kijijini mwambie daktari kabla, figo na ini la huyu mtu viko kazini tayari. Ukitaka kusaidia upande wa jiko pika kwako ulete kwenye hotpoti, chakula cha mgonjwa na chakula cha anayeuguza, maana wifi yangu kwa wiki nzima aliishi kwa mabaki ya uji wa kaka.

Kuna jambo lingine hakuna aliyetuambia, la hasira. Kwenye matibabu mengi ya kansa za damu kuna vidonge vya steroidi, prednisoloni au deksamethasoni, na hivi vinamnyima mtu usingizi, vinampa njaa ya ajabu na vinamchokonoa. Kaka yangu, mtu mpole kabisa, alikuwa anaamka saa 9 usiku anataka ugali, sio mkate, ugali, na akiletewa anasema wa baridi, anasukuma sahani. Wifi aliamini amechukiwa. Alikuja kuniambia baadaye sana, tumekaa kwenye benchi la famasia, kwamba alikuwa anajifungia bafuni anafungua bomba ili asisikike. Siku nesi alipomwambia mama hiyo ni dawa, zikipunguzwa atarudi, alisema ni kama mtu kamvua gunia mgongoni. Ukimuona mtu anauguza na mgonjwa yuko kwenye vidonge hivyo mwambie mapema, ni sentensi moja tu.

Lakini sio kila kansa ya damu inakwenda mbio hivi, na kila moja inamchosha anayeuguza kivyake. Lukemia sugu, ile ya CML, ni safari ndefu. Dawa yake imatinibu ilipitishwa Marekani mwaka 2001, na tangu 2002 kumekuwa na mpango wa kuitoa bure kwa wagonjwa wa nchi zisizo na uwezo, Kenya na Tanzania zikiwemo, na kuna watu wako nayo miaka na miaka wanalima, wanafundisha, wanalea. Hapa mgonjwa anakaa vizuri mpaka anajiuliza kwa nini aendelee kumeza, anaacha kimya kimya na ugonjwa unarudi. Kazi ya anayeuguza ni kukumbusha kila siku, na chakula na glasi kubwa ya maji, bila kugeuka polisi, na nauli ya kwenda kuchukua dawa. Ukimlipia mtu nauli hiyo kila inapofika tarehe umefanya kitu kikubwa.

Mailoma ni ya wakubwa zaidi, mzee analalamika mgongo anatibiwa mgongo mwaka mzima kumbe mifupa inaliwa. Hapa kazi ni ya kunyanyua, mfupa unaweza kuvunjika kwa kugeuzwa vibaya kitandani, na ninyi vijana wenye nguvu ndo mnatakiwa, wawili asubuhi wawili jioni, sio mama wa miaka 60 anamnyanyua baba wa miaka 65. Na kuna dawa zake, thalidomaidi na lenalidomaidi, zinaharibu mimba vibaya sana, kwa hiyo binti wa kazi au mkwe mwenye mimba asizishike wala asizifungue. Kwa kemo kwa ujumla, siku mbili za kwanza baada ya dawa anayeosha matapishi au mkojo avae glavu. Boksi la glavu ni zawadi nzuri kuliko machungwa, nasema kweli.

Kwa watoto, huku kwetu kuna limfoma ya Burkitt, uvimbe wa taya unaokua haraka mno, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt mwaka 1958 akiwa hospitali ya Mulago, Kampala, na inayeyuka haraka pia ikipata kemo mapema. Kuna na lukemia ya watoto ambayo matibabu yake ni kama miaka miwili mpaka mitatu. Mama anatoka mkoani na mtoto mmoja mgongoni anaacha wengine watatu kwa jirani. Muhimbili kuna Tumaini la Maisha wanaotibu watoto hawa bila malipo na wana nyumba ya kufikia, hilo limeokoa wengi, lakini hawawezi kwenda kuangalia wale watatu waliobaki kama wamekula na kama wamekwenda shule. Mkiwa kijijini mnaona hamuwezi kusaidia kwa sababu hospitali iko mbali, wasaidieni hao. Mpigieni mama simu wamsikie wakicheka.

Hela. Nitasema kitu kimoja kinachoniuma. Tukifiwa, mchango wa msiba unapatikana ndani ya siku mbili, sufuria, viti, turubai, basi la kwenda kuzika. Mgonjwa akiwa hai tunaanza kuulizana matibabu si yana bima? Bima inaweza kulipa dawa isilipe bajaji, isilipe kitanda cha gesti ya anayeuguza aliyetoka Kigoma, isilipe genge lake lililofungwa miezi sita. Changeni kidogo kidogo kila mwezi kwa kiwango mnachokiweza, sio milioni ya siku moja. Mweka hazina awe mtu mwingine, sio anayeuguza, ili asije kuulizwa risiti ya soda. Na kabla hamjauza kitu nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ipo hospitali za serikali kwa ajili ya wasio na uwezo, watu wengi wanaijua wakiwa wameshauza kiwanja.

Anayeuguza mwenyewe pia ana mwili. Analala sakafuni kwenye mkeka, ana presha lakini kliniki yake ameikosa mara tatu kwa sababu siku ile ile ni kliniki ya mgonjwa. Muulize dawa zako unameza? Umelala lini mara ya mwisho? Na ile "ukihitaji chochote niambie" tuiache, kwa sababu inamuongezea kazi ya kufikiri na kuomba. Sema Jumamosi nakuja saa 4, nakaa naye mpaka saa 10, wewe nenda. Akisema usijali, njoo hivyo hivyo.

Kaka yangu sasa hivi amemaliza kemo za mshipa, yuko kwenye vidonge, FBP kila mwezi. Kaunta buku ni la tatu. Jumamosi mimi ndo nakaa naye, nimeshajifunza kuandika joto kwenye mstari unaofaa, na wifi anakwenda kwangu, ananikabidhi simu yake mlangoni ili isimuamshe, anapanda kitanda changu na viatu vyake viko chini vimepangwa vinaangalia nje.